Kitabu cha Asher, Jina la Oppenheim

Kitabu nilichofunga safari kwenda kukiona kina jina la mtu ambaye hakukiandika wala hakuagiza kiandikwe. Ni kitabu cha sala cha Wayahudi, cha kuandikwa kwa mkono, cha mwaka 1471. Kazi ya kukiandika inanasibishwa na Asher ben Yitzhak, mwandishi wa Ujerumani aliyekiandaa kwa matumizi ya watu wa nyumbani kwake. Lakini ukienda kuulizia kitabu cha Asher, utazungushwa. Ulizia Sidur ya Oppenheim, utajibiwa papo hapo: ipo Oxford, maktaba ya Bodleian, alama yake Opp. 776. Na huyo Oppenheim, Rabi David Oppenheim, alizaliwa mwaka 1664, wakati kitabu kina umri wa karibu karne mbili.

Jambo hilo lilinigusa kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni mfunga vitabu, Unguja. Wananiletea misahafu iliyoliwa na wadudu, vitabu vya fiqhi vilivyoachana na majalada yake, madaftari ya tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na babu wa babu yao. Nikiuliza nani kaandika, aghlabu najibiwa nani alikuwa nacho. "Huu msahafu wa kina fulani." Aliyekaa na kalamu mwezi baada ya mwezi kasahauliwa, aliyekitia kitabu kabatini ndiye anayetajwa. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya mafunzo ya ukarabati wa vitabu London, ikawa ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda ndege na kutoka Afrika Mashariki, niliomba jambo moja tu nje ya ratiba: nipelekwe nikakione hicho.

London nilifikia kwa shangazi yangu, upande wa mashariki wa mji, ambako ameishi muda mrefu hata Kiswahili chake kimebaki cha zamani, safi, cha Ng'ambo ya enzi zile.

"Shikamoo shangazi. Leo nitachelewa, nakwenda Oxford."

"Marahaba. Kuna nani Oxford?"

"Hakuna mtu. Kuna kitabu."

"London nzima hii hukuona kitabu?"

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kikombe cha chai mkononi, kisha akasema, "Cha sala, cha Mayahudi, na wewe Kiebrania hujui. Haya. Vaa sweta mbili." Shangazi hana maneno mengi asubuhi.

Basi la Oxford linaondokea Victoria. Sitaieleza njia, maana ni barabara kuu kama barabara kuu nyingine, ukungu huku na malori kule. Mambo huanza basi linapoteremka kutoka Headington, likapita darajani pa Magdalen na mnara wa chuo ukajitokeza kulia. Mwenyeji wangu, mtafiti wa hati za Kiebrania ambaye mwalimu wa mafunzo alinikabidhi kwake, alikuwa ameniambia niteremke hapo hapo High Street, nisingoje kituo cha mwisho. Nilidhani anataka kunipunguzia mwendo. Kumbe alikuwa na lake.

Mkabala na chuo cha Magdalen ipo bustani ya mimea, ya kwanza ya aina yake Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1621. Nje ya lango lake kuna jiwe linaloeleza kwamba hapo palikuwa na makaburi ya Wayahudi. Mwaka 1290 Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi wote nchini Uingereza, na hawakuruhusiwa kurudi kwa zaidi ya miaka 350. Makaburi yakabaki bila wenyewe. Baadaye watu wa chuo kikuu wakapanda humo miti ya dawa na maua. Kutoka hapo kuna njia ya miguu inayofuata ukuta wa zamani nyuma ya chuo cha Merton, na jina lake mpaka leo ni njia ya maiti. Ndiyo, inavyosimuliwa, waliyopitia Wayahudi wakitoka mtaani kwao karibu na St Aldate's kwenda kuzika.

"Nimetaka upite hapa kwanza," mwenyeji wangu alisema, "kabla hujaona jinsi tunavyovipenda vitabu vyao." Ni mama wa makamo, mwepesi wa miguu, na ana tabia ya kusema jambo zito huku anatafuta kitu mkobani.

Jengo linalotunza hati za thamani linaitwa Weston. Lilikamilika mwaka 1940 kwa mchoro wa Giles Gilbert Scott, likafungwa miaka kadhaa kwa matengenezo na kufunguliwa upya mwaka 2015. Liko Broad Street, mbele ya ukumbi wa Sheldonian, ambao una safu ya vichwa vya mawe vyenye ndevu vinavyokukodolea macho. Kabla ya kupewa kitambulisho cha msomaji unatakiwa utoe ahadi. Ni desturi ya tangu enzi za Thomas Bodley, aliyeifungua maktaba mwaka 1602: huharibu kitu, huingizi moto ndani wala huwashi. Watu wengi hucheka wanapofika kwenye sehemu ya moto. Mimi sikucheka. Mwaka 1689 majeshi ya Ufaransa yaliuchoma mji wa Worms, alikozaliwa David Oppenheim, mtaa wa Wayahudi ukiwemo. Mwaka huo huo mji wa Wayahudi wa Prague, ambako angekuja kuwa rabi mkuu, nao uliteketea. Ukitafuta sababu ya hati za Kiyahudi za karne zile kuwa chache Ulaya, anza na moto.

Kalamu ya wino hairuhusiwi. Ni penseli tu. Mkoba, koti na chupa ya maji vinabaki kabatini kwa kufuli. Mezani wanaweka vipande vya sponji vyenye mshazari ili kitabu kilale bila kuvunjwa mgongo, na kamba nzito za kitambaa zilizojazwa vyuma vidogo ndani za kuzuia kurasa zisijifunge. Glavu hakuna. Mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri inatosha, maana aliyevaa glavu hasikii ukingo wa karatasi na ndiye huichana. Hilo nililijua tangu nyumbani, ila nilifurahi kuliona likithibitishwa na wakubwa.

Kitabu kikaja.

Mwenyeji wangu ndiye mwenye ruhusa, kwa hiyo yeye ndiye aliyekifungua, na mimi nikasimama pembeni mikono nyuma. Alikifungua upande ule ule ambao ningekifungua mimi: mgongo kulia, mwanzo pale ambapo Mzungu huweka mwisho. Maandishi yanatoka kulia kwenda kushoto. Juu na chini ya herufi kuna alama za irabu. Sikuweza kusoma hata neno moja, na bado jicho langu lilijua pa kwenda. Nadhani ningemkalisha hapo mwalimu wangu wa chuoni aliyenifundisha juzuu kwa kibao na bakora, angeanza kutafuta mwanzo wa sura.

Kurasa ni ngozi. Ukiinama kidogo unaona tofauti ya upande uliokuwa na manyoya, wenye rangi ya njano na vinyweleo hafifu, na upande wa nyama, mweupe na laini zaidi. Maneno ya kufungulia sala yameandikwa makubwa na kupambwa kwa rangi. Yanayofuata yanarudi kwenye ukubwa wa kawaida, herufi za mraba za Kiaskenazi, yaani za Wayahudi wa Ujerumani, nene kwa juu. Kilichonishika zaidi kilikuwa kitu kidogo, mwisho wa mistari. Mwandishi wa Kiebrania hakati neno vipande viwili. Akiona nafasi inabaki na neno lijalo halitaenea, huivuta herufi ya mwisho iwe pana mpaka ifike ukingoni, ili safu ya kushoto nayo inyooke. Waandishi wa khati za Kiarabu nao huvuta. Nimeona hivyo kwenye misahafu iliyoandikwa Siyu, kisiwani Pate, ile yenye mapambo ya wino mwekundu na mweusi. Kuvuta herufi ni hesabu ya kichwani: lazima uwe umeshaona mwisho wa mstari kabla hujafika. Asher aliona mbali, mstari kwa mstari, kitabu kizima.

Sidur ni kitabu cha sala za kila siku na za Sabato. Zile za sikukuu hukusanywa kwenye kitabu kingine kiitwacho mahzor. Myahudi mshika dini husali mara tatu kwa siku, asubuhi, alasiri na jioni, ameelekea Yerusalemu. Kitabu cha namna hii basi ni chombo cha kazi. Hufunguliwa na vidole vyenye makombo ya mkate, huangushwa na watoto, hudondoshewa nta ya mshumaa. Kikitumika ipasavyo kinakwisha. Kikishachakaa, kwa kuwa kina jina la Mungu ndani, hakitupwi wala hakichomwi: hutiwa katika chumba cha vitabu vilivyochakaa, geniza, na mwisho huzikwa. Sisi nasi karatasi za msahafu uliochakaa tunazizika. Kwa maneno mengine, sidur nyingi za karne ya 15 hazipo kwa sababu zilifanya kazi yake. Hii ipo kwa sababu siku moja iliacha kufanya kazi, ikawa mali.

Hapo ndipo rabi anapoingia.

David Oppenheim alizaliwa katika nyumba ya watu wenye uwezo. Samuel Oppenheimer, mfadhili wa Kaizari Leopold wa Kwanza kule Vienna, mtu aliyegharimia majeshi yaliyopigana na Waturuki, alikuwa ami yake. Akamwoa binti wa Leffmann Behrends, mfanyabiashara Myahudi aliyekuwa akiwahudumia watawala wa Hannover. Alisoma kwa marabi wakubwa, na kufikia miaka ya 1690 alikuwa rabi wa Nikolsburg, Moravia, mji ambao leo unaitwa Mikulov. Mwaka 1702 akateuliwa Prague, iliyokuwa na mojawapo ya jumuiya kubwa kabisa za Wayahudi Ulaya, na akabaki huko mpaka alipofariki mwaka 1736. Elimu alikuwa nayo, mahari ya mke ilikuwa nono, na tangu ujana alikuwa na uchu mmoja: vitabu. Alivisaka kwenye magulio ya Leipzig, aliviagiza kwa barua, alivipokea kwa waandishi waliotaka idhini yake. Wakati ule kitabu cha Kiebrania kilihitaji maneno ya idhini ya rabi mwenye jina mwanzoni mwake, na jina la Oppenheim lilitafutwa sana. Mwandishi aliyekuja kuomba idhini mara nyingi aliacha nakala.

Mkusanyo wake ulipita mkusanyo wa Myahudi yeyote wa zama zake: maelfu ya vitabu vya chapa na hati za mkono zipatazo 780. Na haukuwa Prague.

Hili ndilo nililolisikia mara ya kwanza pale mezani, na ndilo lililonibakia. Prague ilikuwa chini ya wafalme Wakatoliki wa nyumba ya Habsburg, na ukaguzi wa vitabu vya Kiebrania ulikuwa mikononi mwa Wajesuiti. Nakala za Talmudi zilikamatwa, maneno yakafutwa kwa wino, vitabu vingine vikachomwa. Oppenheim hakutaka kuihatarisha maktaba yake. Akaiacha Hannover kwa baba mkwe wake, katika nchi ya Waprotestanti ambako wakaguzi hawakuwa wakali kiasi hicho. Hivyo kwa zaidi ya miaka 30, rabi mkuu wa Prague, mwenye maktaba ambayo wasomi waliitamani kutoka kila upande, aliishi safari ya siku nyingi za gari la farasi mbali na rafu zake. Alihukumu kesi, akajibu maswali ya sheria kwa barua, akafundisha, na vitabu viko Hannover.

Nilimwuliza mwenyeji wangu kama haoni ni jambo la kusikitisha. Akasema anaona ni jambo la majivuno: mtu anakusanya ili ajulikane kuwa anacho, ndiyo maana hakuumia sana kukaa mbali nacho. Akaniletea ushahidi. Oppenheim alikuwa akiwaagiza wachapaji wamtolee nakala zake peke yake katika karatasi ya buluu au hata juu ya ngozi, wakati wanunuzi wengine wanapewa karatasi nyeupe ya kawaida. Akafungua kimojawapo. Buluu yake ni ya kaniki iliyofuliwa mara nyingi, na herufi nyeusi zimezama ndani yake kiasi kwamba unainamia kusoma. Ni kitabu kizuri kukitazama na kigumu kukitumia. Hapo nilimwelewa mwenyeji wangu.

Hata hivyo mimi nilimtetea rabi, na bado namtetea. Mtu wa majivuno matupu hukusanya vinavyong'aa. Oppenheim alikusanya pia vijitabu vyembamba vya Kiyidishi, lugha waliyozungumza wanawake sokoni na watoto nyumbani: hadithi, nyimbo, habari za msiba na moto, mambo ya kuuzwa kwa senti chache ambayo msomi mwingine asingeyaweka hata chini ya mguu wa meza. Vingi vya vijitabu hivyo havijapatikana mahali pengine popote duniani. Nakala yake ndiyo pekee. Mwenye kujionyesha hana haja ya kumwonyesha mtu kijitabu cha nyimbo za arusi kilichochapwa vibaya. Nilimwambia hivyo. Akatabasamu, akatafuta kitu mkobani, asijibu.

Baada ya kifo chake maktaba ilirithiwa na mwanawe, kisha ikapita kwa jamaa wengine, ikafika Hamburg, ikawekwa rehani, ikakaa masandukuni miaka na miaka. Moses Mendelssohn, mwanafalsafa wa Berlin, aliikadiria kuwa na thamani ya kati ya thala 50,000 na 60,000, fedha ya Kijerumani ya wakati ule. Mnunuzi wa bei hiyo hakutokea. Mwaka 1826 ikachapwa orodha yake Hamburg ili kuwavuta wanunuzi, na mwaka 1829 Bodleian ikainunua yote kwa thala 9,000. Sidur ya Asher ikapanda merikebu pamoja na vitabu vingine. Wakati huo mfalme wa Uingereza ndiye aliyekuwa pia mfalme wa Hannover, kwa kuwa mtawala wa Hannover alikuwa amerithi kiti cha London mwaka 1714. Hivyo vitabu vilihamia kwa mfalme yule yule aliyetawala mji vilimokuwa vimefichwa. Ila katika Chuo Kikuu cha Oxford Myahudi hakuweza kuwa mwanafunzi, kwa sababu mwanafunzi alitakiwa kwanza akubali imani ya Kanisa la Uingereza. Sharti hilo liliondolewa kwa shahada za kwanza mwaka 1854, na kwa zinazobaki mwaka 1871. Mtu aliyeletwa kuviorodhesha vitabu vya chapa alikuwa Myahudi wa Moravia, Moritz Steinschneider, na katalogi yake, iliyotoka kati ya 1852 na 1860, bado inatumika.

Tulipokuwa tukisubiri kitabu kirudishwe stoo, mwenyeji wangu alinionyesha picha ya jirani yake wa humo humo maktabani, mahzor ya mwaka 1258. Katika ukurasa mmoja kuna mchoro wa mawindo, na mchoro huo uko juu chini: wanyama miguu hewani, maandishi yako sawa. Inaaminika mchoraji alikuwa Mkristo asiyesoma Kiebrania, akapewa ukurasa akaushika kinyume, akachora kwa ustadi wake wote. Hakuna aliyeufuta. Wenyewe wakasali nacho hivyo hivyo.

Kurudi kwa shangazi nilikuta ameniwekea wali kwa mchuzi wa nazi. Akauliza kama kitabu nimekiona. Nikasema nimekiona. "Na wewe uliguswa na nini katika habari zao?" Nikasema kesho kutwa nakwenda Prague. Akaweka kijiko chini. Viza ya huko nilikuwa nimeiomba kabla sijaondoka nyumbani, na nauli ni akiba yangu mwenyewe, lakini kwa shangazi yote hayo yalikuwa habari mpya, na niliyasikia mpaka chakula kikapoa.

Prague nilifika jioni, baridi kali, mawe ya barabarani yanateleza. Asubuhi nikaenda Josefov, mji wa zamani wa Wayahudi. Sinagogi la Kale-Jipya, la karne ya 13, bado husaliwa. Tiketi ya makaburi inakupitisha kwanza katika sinagogi la Pinkas, na hilo hukujiandaa nalo: kuta zote, kutoka chini hadi juu, zimeandikwa majina kwa mkono, familia kwa familia, mji kwa mji, Wayahudi wa Bohemia na Moravia karibu 80,000 waliouawa na Wanazi. Nilitafuta Mikulov. Upo.

Nilisimama pale nikifanya hesabu ya mfunga vitabu, ambayo ni hesabu isiyo na adabu mahali kama pale. Maktaba ingebaki Worms, moto wa 1689 ungeichukua, au moto ambao Wanazi waliutia kwenye sinagogi Novemba 1938. Ingekuwa Prague, ingekabiliana na wakaguzi, kisha na amri ya Maria Theresa ya mwaka 1744 ya kuwafukuza Wayahudi mjini, amri iliyodumu mpaka 1748, kisha na moto mwingine mkubwa wa 1754. Maria Theresa huyo tunamfahamu pwani, hata kama hatujui habari zake: sura yake ndiyo iliyo kwenye zile reale za fedha zilizozagaa Unguja na Mombasa karne ya 19, zenye tarehe ya 1780 hata zilipotengenezwa miaka mingi baada ya kufa kwake. Bibi yangu alikuwa nayo moja sandukuni. Kila nilipoiona nilidhani ni mama mnene mpole.

Na ingebaki Hamburg au Hannover mpaka miaka ya 1930, jibu liko ukutani. Maktaba ilinusurika kwa sababu kila mara haikuwa pale ilipotarajiwa, na mara ya mwisho ilinusurika kwa kuuzwa kwa hasara.

Makaburi yenyewe ni madogo, na yamejaa. Wayahudi hawakupewa ardhi ya ziada, na sheria yao hairuhusu kaburi kufukuliwa. Kwa hiyo walimwaga udongo juu ya makaburi ya zamani na kuzika juu yake, tabaka juu ya tabaka, wakiinua mawe ya chini yaje juu pamoja na mapya. Ndiyo maana mawe yako karibu 12,000 katika kiwanja kidogo, yameegemeana, mengine yamezama hadi shingoni. La zamani kabisa ni la mwaka 1439, la mshairi Avigdor Kara. Mazishi yalikoma mwaka 1787.

Msongamano wa watalii uko kwa Rabi Loew, aliyekufa mwaka 1609, yule ambaye hadithi zinasema alifinyanga mtu wa udongo, golem, na kumtia uhai. Juu ya kaburi lake watu wameweka vijiwe na vikaratasi vya maombi. Kwa Oppenheim palikuwa na vijiwe vichache na mimi. Jiwe lake limejaa maandishi, herufi za mraba, na nilijikuta natazama mwisho wa mistari kuona mchonga mawe alifanyaje pale neno lilipokuwa halienei. Nilitoa penseli nikanakili umbo la herufi kadhaa kwenye daftari langu.

Kiongozi wa kundi la watalii akapita, kijana wa Kicheki anayezungumza Kiingereza cha haraka. Nikamwuliza huyu hapa alikuwa nani, nimwone atasema nini.

"Oppenheim? Rabi mkuu. Mtu wa vitabu. Waingereza walivichukua vyote, Oxford, tena kwa bei ya kutupa."

Nikamwuliza kama huwa anawaeleza wageni wake habari hizo. Akasema huwaeleza wakiuliza, na hawaulizi. Wanataka kujua golem yuko wapi. Mama mmoja kundini akadakia kwamba hata yeye anataka kujua. Kijana akaonyesha kwa kidole paa la sinagogi la Kale-Jipya, akasema darini kule, na hapana, hapafunguliwi, kisha akawakusanya watu wake kwenda kwa Rabi Loew.